Kufungua Bila Kuvunja

Mafundi wa kompyuta wa Kariakoo wako makundi mawili, na mteja huwa hajui ameangukia lipi mpaka kazi iishe. Kundi la kwanza, ukiwapa diski yenye mafaili yaliyogoma kufunguka, vidole vimeshaanza kukimbia kwenye kibodi wewe hujamaliza hata kueleza. Kundi la pili huuliza maswali kwanza. Haya ninayoandika ni ya kundi la pili, hasa ya fundi mmoja mwenye chumba kidogo ghorofani mtaa wa Aggrey. Nikipata nafasi huwa napanda kukaa pembeni ya benchi lake, kwa sababu moja tu: napenda kumtazama mtu anayeijua kazi yake akiifanya taratibu.

Shida yenyewe wengi tunaijua. Laptop ya zamani imekufa, pengine kwa umeme uliorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Mwenyewe hana wasiwasi sana, maana kila kitu alikuwa anakinakili kwenye diski ya nje. Ananunua laptop mpya, anachomeka diski, folda zinajitokeza na majina yake yote. Anabofya. Kompyuta inamwambia hana ruhusa. Mafaili ni yake, diski kainunua mwenyewe, na hata akaunti mpya kaifungua kwa jina lile lile la zamani. Hapo ndipo presha inapopanda.

Siku moja alipanda pale mama mmoja mwenye shule ya awali. Kwenye diski kulikuwa na kumbukumbu za ada, matokeo ya watoto, mishahara ya walimu, picha za mahafali. "Fundi, nisaidie mwanangu, hii kitu imeingia virusi," akasema hata kabla ya salamu kuisha. Fundi akamvutia kiti.

"Pole mama. Kaa kwanza upumzike. Ile kompyuta ya zamani iko wapi?"

"Ipo nyumbani, imekufa kabisa. Kuna kijana jirani anaitaka atoe spea."

"Salamu zangu umpelekee, lakini kompyuta asipewe kwanza. Asipewe mtu yeyote."

Kisha yakafuata mengine. Ulikuwa unaandika neno la siri ukiiwasha, au inafunguka tu? Mafaili ulikuwa unayaburuta mwenyewe kuyapeleka kwenye diski, au kuna programu ilikuwa inafanya hivyo? Kuna mtu aliwahi kukuonyesha namna ya kuficha kitu? Diski ilishawahi kuanguka? Muda wote huo diski ilikuwa bado imo ndani ya mkoba wa mama, na fundi hakuonyesha hata dalili ya kuitaka.

Maswali yale yana kazi kubwa. Kuna matatizo matatu yanayojitokeza kwenye skrini kwa sura karibu moja. La kwanza ni ruhusa: faili ni zima na linasomeka, ila Windows inakataa kumpa mtu isiyemtambua. La pili ni kusimbwa: maudhui yenyewe yamegeuzwa kuwa fumbo, na bila ufunguo wake hakuna kitu cha kusoma. La tatu ni diski inayokufa, ambayo inashindwa kusoma sehemu zake yenyewe na kutoa ujumbe wa makosa unaoweza kumpoteza hata fundi. Dawa ya tatizo moja inaweza kuwa sumu kwa jingine. Ndiyo maana fundi wa harakaharaka ni mtu wa kuogopwa, hata akiwa na nia njema.

Diski ilipotoka mkobani hatimaye, aliishika kiganjani, akaichomeka kwa waya mfupi, akaisogeza karibu na sikio. Diski yenye sahani inayozunguka, hizi za kawaida za mizunguko 5,400 kwa dakika, ikiwa nzima hutoa mvumo mmoja usiobadilika. Ikigongagonga tak, tak, tak, ni kwamba kichwa cha kusomea kinahangaika kutafuta njia na hakiipati, na kila sekunde inayopita kikiwa hivyo inaweza kuwa inaukwangua uso wa sahani. Diski ya namna hiyo yeye huichomoa mara moja. Hii ilivuma vizuri. Bado hakuridhika. Akafungua taarifa za afya ambazo kila diski hujiandikia yenyewe, akashuka moja kwa moja kwenye mistari miwili: namba 5, inayohesabu sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa, na namba 197, inayohesabu sehemu zinazotiliwa shaka. Zote mbili sifuri. Ndipo akashusha pumzi.

Zingekuwa zimepanda, kazi ingegeuka kabisa. Asingegusa folda hata moja. Angewasha ddrescue, programu ya bure aliyoiandika Antonio Diaz Diaz, inyonye diski nzima kuiweka kwenye diski nyingine yenye afya. Uzuri wa programu hii ni adabu yake: kwanza inachukua sehemu zinazosomeka kirahisi, ikikutana na ubovu inauruka, halafu inarudi baadaye kuchokoa kilichobaki kidogo kidogo. Muda wote inaandika ramani kwenye faili la maandishi, alama ya kujumlisha kwa kilichookolewa, alama ya kutoa kwa kilichoshindikana, ili hata umeme ukikatika kazi iendelee pale ilipoishia. Niliwahi kuiona ikifanya kazi usiku kucha pale benchini. Asubuhi fundi aliisoma ile ramani kama daktari asomavyo cheti, akaagiza chai, hakusema neno.

Dirisha likajitokeza kwenye skrini: Windows inapendekeza kuikagua diski ya mama na kuirekebisha. Akabofya hapana. Huwa anabofya hapana siku zote. Kurekebisha ni kuandika, na diski ya mteja kwake haiandikwi kitu chochote kabla mafaili hayajapata nakala ya pili.

Sasa akafungua sifa za folda iliyogoma, upande wa usalama. Mahali ambapo lingekuwepo jina la mama palikuwa na maneno ya akaunti isiyojulikana, na mbele yake namba ndefu ikianza na S-1-5-21. Akaniita nisogee. Windows, tangu ile NT ya mwaka 1993, haimtambui mtu kwa jina. Kila akaunti hupewa namba: mwanzo wake ndio huo, zinafuata namba tatu kubwa zinazozaliwa siku Windows inaposakinishwa, kisha namba fupi ya mwenye akaunti. Faili likiwekwa kwenye diski yenye mfumo wa NTFS, mmiliki huandikwa kwa namba hiyo. Ni kama akina Asha Juma wawili mbele ya dirisha la NIDA: jina moja, namba mbili, na karani anafuata namba. Ukisakinisha Windows upya hata kwenye mashine ile ile, zile namba tatu za katikati zinakuwa nyingine, na wewe mwenyewe unakuwa mgeni kwenye mafaili yako.

Fundi aliisoma ile namba kwa kuanzia mwisho. "Inaishia na 1001," akasema. "Huyu ni mtumiaji wa kawaida, hawa wanaanzia 1000. Ingekuwa 500 ningejua walikuwa wanatumia ile akaunti ya msimamizi inayokuja na Windows." Akaiandika yote kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya diski. Nilidhani ni tabia tu ya mtu anayependa mpangilio. Baadaye niliona kazi yake.

Fundi wa kundi la kwanza akifika hapa hujiona amemaliza. Anafungua dirisha jeusi la amri kama msimamizi, anaandika takeown, mfumo unamwandika yeye kuwa mmiliki wa kila kitu, halafu icacls inampa ruhusa zote. Folda zinafunguka, mteja anashangilia, pesa inalipwa. Mara nyingi haileti madhara, sitaki kuwasingizia. Lakini kumbukumbu ya mmiliki wa kwanza imefutika kwenye kila faili, na ikiwa diski ina bakapu iliyotengenezwa na programu, mpangilio wake wa ruhusa umevurugwa. Wengine huielekeza amri hiyo hata kwenye folda kama Documents and Settings, wakiona inakataa kufunguka wanazidi kuilazimisha. Ile wala si folda. Tangu Windows Vista ni kibao tu cha kuelekeza kwingine, kimewekwa kwa ajili ya programu za zamani, na kimekatazwa kufunguliwa kwa makusudi. Ukikilazimisha unaweza kujikuta unanakili folda ndani ya folda yenyewe, ndani ya folda yenyewe, mpaka nafasi iishe.

Fundi wetu alitumia njia iliyonifurahisha kwa upole wake. Waliotengeneza Windows walijua kwamba programu ya kutunza nakala lazima iweze kusoma mafaili ya kila mtu bila kuombaomba ruhusa, kwa hiyo msimamizi wa mashine ana haki maalumu ya kusoma kwa ajili ya kunakili. Ndani ya Windows kuna chombo kiitwacho robocopy, na ukikiongezea /B kinaitumia haki hiyo. Mafaili yanasomwa yakiwa yamefungwa vile vile, nakala inatua kwenye laptop mpya ikiwa na umiliki wa huko, na diski ya zamani inabaki kama ilivyokuwa. Akaongeza /COPY:DAT, ili maudhui, sifa na tarehe vije, ruhusa za zamani zibaki. Akaongeza /XJ, ili vile vibao vya kuelekeza virukwe. Mwisho akaandika /R:1 /W:1, na hapa alicheka peke yake. Nikauliza kulikoni. Robocopy isipoambiwa kitu, faili likikataa itajaribu tena mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Piga hesabu: sekunde milioni 30 ni siku 347. Kuna mafundi wamekaa mbele ya skrini iliyosimama, wakamwambia mteja diski imekufa, kumbe robocopy ilikuwa inasubiri kwa utiifu kama ilivyoelekezwa.

Mafaili yakaanza kutiririka. Mama akasogea mbele ya kiti. Ada za muhula, barua kwa wazazi, picha za watoto wamevaa joho na kofia. Kisha, katikati ya mistari iliyokuwa inashuka, folda ya mishahara ikatoa makosa kwa kila faili. Fundi hakushtuka. Aliiacha kazi iishe, akaandika cipher kwenye folda ile, na mbele ya kila faili ikajitokeza herufi E.

Hapa umahiri wake ulianza kuonekana sawasawa. E maana yake ni kwamba mafaili yale yamesimbwa kwa EFS, huduma iliyoingia na Windows 2000 na ambayo haimo kwenye matoleo ya Home. Kila faili lina ufunguo wake, na ufunguo huo umefungwa kwa ufunguo mwingine wa mtumiaji, ambao nao unalindwa na neno lake la siri la kuingilia. Ruhusa hazisaidii kitu. Ungeweza kuwa mmiliki wa diski nzima na usisome hata mshahara wa mpishi. Mama akakumbuka: kijana aliyemwekea Windows zamani alimwonyesha namna ya kufunga mishahara isionwe na walimu, akaweka alama kwenye kiboksi, basi. Hakuna aliyemwambia kuna ufunguo wa kutunza.

"Sasa mama, ndiyo maana nikasema kompyuta isipewe mtu," akasema fundi. "Ufunguo uko kule."

Laptop iliyokufa ililetwa kesho yake. Ubao wake mkuu ulikuwa umeungua, harufu ilikuwa bado ipo, lakini diski ya ndani ilikuwa nzima. Aliitoa, akaanza kwa kuinakili yote kwenye diski nyingine ya kwake, ile halisi akaifunga kwenye mfuko. Akafungua nakala, akaingia kwenye folda za mtumiaji mpaka ndani kabisa, mahali Windows inapoficha funguo. Folda ya funguo haina jina la mtu, ina namba. Akachukua ile karatasi iliyobandikwa juu ya diski ya nje, akalinganisha tarakimu kwa tarakimu. Zikakubaliana. Kwa hiyo alijua, kabla ya kujaribu chochote, kwamba aliyeandika zile bakapu na mwenye funguo hizi ni akaunti moja.

Nakala ile akaipachika kwenye laptop nyingine ya aina ile ile aliyokuwa nayo stoo. Windows ya zamani ikawaka, ikajizoeza mwili mpya kwa dakika kadhaa, ikafika kwenye neno la siri. Nilitarajia kuona ufundi wa kulivunja, maana mjini hapa kila kona kuna mtu wa kulifuta kwa flashi. Ungekuwa msiba. Neno la siri la akaunti ya kawaida likifutwa kwa nguvu kutoka nje, kile kinacholinda ufunguo wa EFS hakifunguki tena mpaka neno la zamani lenyewe lipatikane. Kuingia ungeingia, mishahara ungeiaga. Fundi alimsogezea mama kibodi, akageuza uso wake dirishani.

Mama alisema hakumbuki. "Usifikirie, mama. Andika tu kama ulivyokuwa unaandika asubuhi ukifika ofisini." Vidole vikaenda, vikakosea, vikarudia, na mara ya pili mlango ukafunguka. Kilichobaki kilikuwa chepesi: kuutoa ufunguo kama faili la .pfx lenye neno lake la siri, kuuingiza kwenye laptop mpya, kubofya mara mbili. Orodha ya mishahara ikafunguka, safu kwa safu.

Si kila mara inaishia hivyo, na namna anavyosema hapana ni sehemu ya ufundi ninaousifu. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, ile huduma ya Windows ya kusimba diski nzima, ikikosa neno la siri na ikakosa ufunguo wa dharura, anamwambia mteja ukweli siku hiyo hiyo na hamtozi chochote. Ufunguo unaosimba diski hizo ni wa biti 128 au zaidi. Idadi ya funguo zinazowezekana kwa biti 128 tu ni namba yenye tarakimu 39, na hakuna kompyuta ya kuzijaribu zote. Anachofanya ni kusaidia kutafuta. Skrini ya BitLocker huonyesha kitambulisho cha ufunguo, anakiandika, anamwambia mteja aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft alinganishe, apekue karatasi alizochapisha, aulize ofisini. Ufunguo wa dharura una tarakimu 48 katika mafungu nane ya tarakimu sita, na kila fungu lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Jambo hili dogo limewahi kumwokoa mteja aliyekuja na karatasi iliyolowa maji, tarakimu moja haisomeki: fundi alichukua kikokotoo, akajaribu 0 mpaka 9 mahali pale, na moja tu ndiyo iliyogawanyika.

Baada ya kunakili, kazi yake haijaisha, na wengi huishia hapo. Analinganisha idadi ya mafaili pande zote mbili, analinganisha ukubwa, halafu anamwomba mwenyewe achague machache ya kufungua: la zamani kuliko yote, kubwa kuliko yote, na moja analolipenda. Yeye hafungui la mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na diski ya shule ina majina ya watoto, simu za wazazi na mishahara ya watu. Sheria isingekuwepo bado angegeuza uso dirishani, naamini hivyo, lakini ni vizuri kwamba ipo, maana si wote wenye tabia hiyo. Nakala aliyoitumia kufanyia kazi ya mama aliifuta mama akiwa anatazama.

Kuhusu malipo yapo malalamiko, siwezi kuficha. Watu wanaona amekaa, ameandika mistari minne, amekunywa chai, wanauliza pesa yote hii ya nini. Fundi wa kubadilisha kioo cha simu anatoa jasho na kioo kinaonekana, hivyo halipwi kwa manung'uniko. Huyu analipwa zaidi kwa yale aliyoyaacha: hakukubali kurekebisha, hakubadilisha mmiliki, hakuvunja neno la siri. Kwa hesabu yangu anajiuza rahisi.

Windows 10 iliacha kupata huduma za kawaida za Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi tunahamia mashine mpya, na Windows 11 nyingi husimba diski ya ndani tangu siku ya kwanza bila kumuuliza mtu kwa sauti. Kama umenunua laptop mpya, ya zamani usiiuze wala kuigawa spea mpaka umefungua mafaili yako kwenye mpya, moja moja kutoka kila folda, na hasa zile ulizowahi kuzifunga. Chapisha ule ufunguo wa tarakimu 48, uweke pamoja na hati ya kiwanja. Na hiyo diski ya nje unayoitegemea, ichomeke wiki hii kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, wakati ya kwako bado inawaka, uone kama inafunguka.